Bomba Lililonienea

Mteja aliyenianzishia mambo haya alikuja kibandani kwangu, Ngokolo, akiwa na mita mbili za laikra nyeusi kwenye mfuko wa karatasi. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, sare za kwaya, magauni ya sendofu, na ikifika Desemba natamani Mungu angeniongezea vidole. Yule dada alitaka bukta fupi ya kubana na kiblauzi kisicho na mikono, na alisisitiza mara mbili kwamba mapaja na makwapa lazima yabaki wazi.

"Za kuogelea?" nikamuuliza.

"Za kupanda bomba."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akatoa simu akanionyesha video yake mwenyewe. Alikuwa kwenye sebule ya kawaida, yenye makochi na kalenda ukutani, na katikati ya sebule pamesimama bomba linalong'aa kutoka sakafuni hadi darini. Alilishika kwa mkono mmoja, akazunguka kama mtoto anayezungukia nguzo ya baraza, kisha akapanda, akalibana kwa miguu na kuachia mikono yote miwili. Akabaki ananing'inia kichwa chini, anacheka.

Sitadanganya. Kitu cha kwanza kilichonijia ni baa. Nadhani alikisoma usoni mwangu, maana alisema bila hasira, "Ni mazoezi, dada. Nilijifunzia Dar. Ngozi ndiyo inayoshika bomba, nguo inateleza. Ndiyo maana nataka fupi."

Nikampima. Futi yangu haijui haya wala unafiki, na futi ilipozunguka mkono wake wa juu nikajua huyu mwanamke hachezi. Msuli wake ulikuwa mgumu kama muwa. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na nilikuwa nimeinamia cherehani tangu nimalize darasa la saba. Mabega yangu yalikuwa yameumana na shingo. Nikigeuka kuangalia anayeniita, nageuka mwili mzima.

Mteja huyo alikuwa anaishi Geita, mume wake alikuwa na kazi huko. Nguo zilipokwisha nikazipeleka mwenyewe, kwa sababu nilitaka azijaribu mbele yangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuliona bomba.

Nililiona. Na alipoona siliondolei macho, akaniambia, "Shika."

Nikavua viatu, nikalishika juu ya kichwa kwa mikono miwili, nikakunja magoti kama alivyonielekeza. Nikaning'inia. Mgongo ukalia ko, ko, ko, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja, na kitu fulani katikati ya mabega, kilichokuwa kimefungwa fundo kwa miaka, kikalegea. Nilihesabu tatu tu kabla ya kuachia. Zile tatu zilinitosha. Nilirudi Shinyanga nikiwa nageuza shingo kulia na kushoto ndani ya basi mpaka jirani yangu wa kiti akahamia mbele.

Kosa langu lilikuwa moja, na kwa fundi cherehani ni kosa la aibu: sikulipima lile bomba. Futi ilikuwa shingoni mwangu muda wote.

Miezi miwili baadaye, nilipoamua nitaweka la kwangu, nikampigia simu. Alikuwa amehamia Mbeya na mumewe.

"Unene wake?" akasema. "Sijui, dada yangu. Lilikuja kwenye boksi. Nene kiasi. Inchi moja na nusu? Au mbili kasoro?"

Nikachukua inchi moja na nusu, kwa sababu ndiyo aliyoitaja kwanza.

Mtaa wa pili kutoka kwangu kuna fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na madirisha. Tunaheshimiana. Mimi humwita fundi, naye huniita fundi, na mtu akisimama kati yetu akaita "fundi!" tunageuka wote wawili. Nikamwambia nataka bomba la inchi moja na nusu, limesimamishwa sebuleni kwangu.

"Nyumba ina shida?"

"Haina."

"La kutundikia nguo?"

"La kunitundika mimi."

Akazima mashine yake, akainua miwani ya kuchomelea hadi kwenye paji la uso. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, na wala hakuuliza habari za baa. Aliuliza, "Fundi, una kilo ngapi?" Nikampenda kwa swali hilo, ingawa sikumjibu kwa ukweli wote.

Alilifunga vizuri. Chini alichomelea sahani ya chuma na kuikaza kwa bolti nne kwenye sakafu, juu akatoboa dari na kulibana kwenye kenchi. Yeye mwenyewe alilitikisa kwa nguvu zake zote na halikusogea. Lilikuwa bomba la maji, la rangi ya kijivu, na alilisugua kwa msasa kwa dakika nyingi kuliko nilivyomwomba.

Alipoondoka nikavaa bukta, nikashika, nikaruka. Nikateleza mpaka chini kama ndoo kisimani.

Nikajaribu tena, nikateleza tena. Nikasema ni jasho, nikajifuta. Nikasema ni vumbi, maana Shinyanga kiangazi vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, nikalifuta bomba kwa kitambaa. Nikakumbuka kwamba yule dada alikuwa anapaka unga mweupe mikononi. Mimi nilikuwa na unga wa sembe. Baada ya dakika tano za jasho na sembe nilikuwa na ugali mwembamba viganjani, na bomba lilibidi lioshwe kwa sabuni. Wiki tatu nzima nilishindana na lile bomba. Vidole vilikuwa vinauma hata kushika mkasi, na mabega badala ya kulegea yakazidi kukaza. Nilianza kufikiri kwamba shida ni mimi, kwamba mambo haya ni ya vijana wa Dar.

Katikati ya kushindwa huko mama yangu akaja kutoka Didia kuonyesha macho hospitali. Nilimpokea mlangoni, tukaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone," akaitikia, halafu akaingia, akasimama. Akaangalia bomba kutoka chini hadi juu. "Nyumba inaanguka?"

Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Usiku ule alikataa kulala chumba cha karibu na sebule, akasema hawezi kwenda kuangaliwa macho kesho halafu leo aangukiwe na paa. Asubuhi, baada ya chai, nikaona heri niseme. Nikamwambia ni la mazoezi, ni la mgongo, nikamwonyesha hata ile video ya siku ya kupimwa, ambayo mteja wangu alikuwa amenitumia. Mama aliishika simu mbali na uso wake kwa sababu ya macho, akaangalia yule mwanamke akining'inia kichwa chini, na nikawa nangojea anitajie mchungaji.

"Ana nguvu," alisema. "Na wewe unaweza hivi?"

"Nateleza."

Akainuka, akalishika bomba kwa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, kama anavyoshika mchi. Akakaza, akalegeza, akakaza tena.

"Nani alikuchagulia?"

"Fundi wa mageti."

"Amepimia mkono wake. Mkono wako uko wapi hapa?" Akaukamata mkono wangu, akauzungushia bomba. Kidole gumba na kidole cha kati vilikuwa vinaangaliana kwa mbali kama watu waliogombana. "Mchi ukiwa mnene namna hii, hata mahindi ya kilo moja hutwangi. Nguvu zote zinaishia kwenye kushika, za kutwanga hazibaki. Na ukiwa mwembamba sana unakuchubua. Sisi ukienda kukatiwa mchi unakwenda na mkono wako."

Akaenda zake hospitali. Alikutwa na macho mazima kuliko ya kwangu, akapewa dawa ya matone na kurudi Didia kesho yake, akiwa amelitikisa bomba mara moja zaidi ili ajiridhishe kuhusu paa.

Mimi nikatoa futi. Nilianza na bomba, nikalizungushia futi kama kiuno cha mteja: sentimita kumi na tano na kitu. Kisha nikakunja karatasi ya patani, nikaizungusha kiganjani hadi gumba likakaribia kugusa kucha ya kidole cha kati, nikaipima. Kumi na tatu na ushee. Sentimita mbili kwenye kiuno cha gauni ni zipu isiyofungika. Nilikuwa nimejishonea gauni la mtu mwingine na kujilaumu kwa kunenepa.

Nikaipeleka ile karatasi kwa fundi. Aliipima kwa rula yake, akapiga hesabu kichwani.

"Fundi, nimekukosea. Bomba la maji tunalitaja kwa tundu lake. Inchi moja na nusu ni pale maji yanapopita. Nje linakuwa nene zaidi. Wewe unashika nje, hushiki tundu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hakuna mteja aliyewahi kuniambia atalishika."

Tukakubaliana ashuke hadi inchi moja na robo. Na safari hii, kwa sababu alikuwa ameona aibu, akataka awe mwangalifu zaidi ya kawaida: akaleta bomba ambalo inchi moja na robo yake ni ya nje kweli. Bomba la viti. Zuri, laini, linang'aa. Nililishika likajaa kiganjani na vidole vikapandana juu ya gumba. Nikajua moyoni kwamba limepitiliza upande wa pili, lakini nilikuwa nimechoka kungoja, na mtu aliyechoka kungoja hununua hata kiatu kinachombana. Nikamwambia, "Funga."

Siku ya kwanza nilizunguka mara mbili nikiwa hewani. Mara mbili! Ngozi ya viganja iliwaka, kwa sababu uzito wote ulikuwa umekaa kwenye kijistari chembamba cha nyama, lakini nilikuwa nazunguka na madirisha yalikuwa yananipita. Siku ya pili nikaruka kwa nguvu zaidi. Nikasikia sauti kama kopo la rangi linapokanyagwa. Bomba lilipinda katikati kama muwa mbele ya upepo, na mimi nikatua kwa makalio kwenye saruji.

Sikuvunjika kitu. Lakini kwa siku tisa sikuweza kukaa, na fundi cherehani asiyeweza kukaa ni kichekesho cha soko zima. Nilikata vitambaa nimesimama, nilipiga pasi nimesimama, na wateja walipouliza nikasema nimeteleza bafuni. Aliyenikamata uongo ni mama mmoja anayeleta maziwa Ngokolo kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Samuye. Ni mtu mzima, amenizidi kama miaka kumi na mitano, ana mabega mapana na viganja kama sahani. Alikuwa amepita kwangu kuniletea maziwa, akaliona bomba lililopinda kupitia mlango.

"Shikamoo, mama," nikamwambia nikiwa nimeegemea meza.

"Marahaba. Bafu lako liko sebuleni siku hizi?"

Nikacheka mpaka makalio yakauma. Nikamweleza yote, tangu laikra mpaka saruji. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Ukienda tena kwa huyo fundi wako, nisubiri. Nataka nione."

Fundi aliposikia nimeanguka alikuja mwenyewe kuniona, kofia mkononi. Nikamwambia kosa tumegawana, lakini sasa tufanye kama tunavyofanya kwenye vitambaa: mteja hachagui kwa jina, anachagua kwa sampuli. Akaelewa mara moja. Jumamosi nilipofika karakanani alikuwa ameshakusanya vipande sita vya mabomba, kila kimoja urefu wa mkono, na kuvifunga kwa waya kwenye fremu ya geti kubwa lililokuwa limeegemea ukuta na kukazwa kwa minyororo. Kila kipande alikuwa amekipima kwa nje na kuandika kwa chaki. Chini alikuwa ametandika magunia ya pumba.

Mama wa maziwa alikuwa ameshafika, baiskeli yake imeegemea kuni.

Nikaanza. La nene kabisa: nikahesabu nne nikaanguka kwenye pumba. La viti: kumi na moja, na viganja vikalia. Nikaenda hivyo, napumzika, najaribu, fundi anahesabu kwa sauti kama refa. Kipande cha nne kilikuwa cha bomba la maji la inchi moja na robo ya tundu. Nilipokishika kidole gumba kilifika kwenye kucha ya kidole cha kati kikatulia hapo, na nikasahau kusikiliza hesabu. Nilikuwa naangalia viatu vyangu vikielea juu ya gunia, nikiwaza kwamba leo ni siku ya kupeleka sare za kwaya. Fundi alipofika thelathini na mbili nikaachia kwa sababu ya kucheka.

"Ni hili," nikasema.

"Ni hili kwako," mama wa maziwa akasema. "Nipisheni."

Alikaza kitenge chake, akakipita kipande changu, akaenda kwenye lile nene lililonishinda. Mikono yake, iliyobeba madumu ya maziwa miaka yote hiyo, ililifunika lote. Fundi akahesabu. Ishirini. Thelathini. Wanawake wa genge la jirani wakaacha nyanya zao wakaja. Arobaini. Uso wake haukubadilika, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye mashine ya kusaga. Alishuka kwenye hamsini na moja, akajipangusa viganja, akasema, "Hili langu tamu." Kisha akajaribu lile la kwangu, na akashuka mapema. Alisema linampotea mkononi, analitafuta halioni.

Baada ya hapo kila mwenye miguu alitaka kuning'inia. Muuza nyanya mmoja, mwembamba, mrefu, alifanana na mimi kwa kiganja. Mwenzake alilipenda la viti peke yake, naye ana vidole vifupi kama vya mtoto. Fundi alikuwa anaandika chaki juu ya chaki. Aliniambia kwamba miaka yote ametengeneza vishikio vya mageti kwa unene mmoja, na hajawahi kumuuliza mwanamke hata mmoja kama mkono wake unafika.

Lilibaki suala la ngozi. Bomba la maji lina unene mzuri na ukuta mgumu usiopinda, lakini ile kijivu yake inakwaruza mapaja na kuacha weusi. Fundi alisema ninachohitaji ni stenlesi nzito ya unene uleule wa nje, na ile aliyoiona madukani ni nyepesi kama kopo. Akanishauri niangalie Geita, kwenye chuma chakavu, maana kule wanajenga na kubomoa kila siku.

Nikaenda, futi shingoni. Nilizunguka yadi tatu nikizungushia mabomba futi, na kwenye yadi ya tatu muuzaji, mwanamume aliyewahi kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kabla ya kifua kumkatalia, akanifuata nyuma kwa udadisi.

"Dada, unalishonea bomba suruali?"

Nikamwambia ukweli, nimeshazoea. Hakucheka. Alinyoosha mikono yake mbele yangu, vidole vimebaki vimekunjika kidogo, havinyooki tena.

"Mpini wa winchi," alisema. "Ile tunayovutia mawe kutoka shimoni. Tuliukuta mwembamba, tukavuta hivyohivyo mwaka mzima. Mkono unauma, unasema ndiyo kazi. Akaja mzee mmoja akauzungushia mpira wa tairi ukanenepa, tukaona tofauti siku ileile. Mwembamba unaweza kuunenepesha. Mnene huwezi kuupunguza. Ukiwa na shaka, chukua mwembamba kidogo."

Akanipeleka nyuma ya yadi. Palikuwa na vipande virefu vya reli ya ngazi ya stenlesi, vimetolewa kwenye jengo lililokuwa likibomolewa. Nikavizungushia futi: kumi na tatu na ushee. Nikashika. Nikaligonga moja kwa ufunguo, likajibu kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba. Nilisimama pale kwenye jua nimelikumbatia bomba, na yule bwana akageuka pembeni kunipa nafasi, kama mtu anayempisha bibi harusi mbele ya kioo.

Lilisafiri hadi Shinyanga juu ya lori la mbao. Fundi alilisugua mpaka likawa kama kijiko, akalifunga palepale kwenye bolti zilezile, na safari hii nikatandika godoro chini kabla hajakusanya vifaa vyake. Lile bomba nene la kwanza mama wa maziwa aliliomba lifungwe upande wa pili wa sebule, kwa hiyo makochi yakahamia chumbani na wageni wangu siku hizi wanakaa kwenye mkeka. Jumatano alasiri, maziwa yakishauzwa na mimi nikishafunga kibanda, tunakuwa wanne: mimi, yeye, na wale wauza nyanya wawili. Watu wa mtaa walisema maneno kwa mwezi mmoja, wakachoka. Mmoja wa waliokuwa wanasema alikuja wiki iliyopita kuulizia bukta.

Siku niliyofika juu kabisa ilikuwa Jumatano ya kawaida. Nilikuwa nimezoea kuishia katikati, lakini siku hiyo miguu ilishika, mikono ikashika, nikavuta, nikashika tena, na ghafla kichwa kikagusa dari. Nikalibana bomba kwa mapaja, nikatulia. Sikuwahi kuiona nyumba yangu kutoka huko. Niliona mgongo wa kabati, riboni za Krismasi nilizozitafuta mwaka mzima, na nyumba ya nyigu iliyokauka kwenye kona.

"Unaona nini huko?" mama wa maziwa akaniuliza kutoka chini, mguu wake mmoja umekanyaga godoro lisihame.

"Vumbi."

"Basi shuka, na wengine tuone."

Nikashuka polepole, mkono baada ya mkono. Nilipogusa godoro alikuwa ameshavua kandambili zake.